Sura ya Sita: Njia ya Kwenda Mahakama Kuu

Karatu haina makao makuu ya benki yoyote. Ina vitunguu vya Mang'ola, kahawa ya Oldeani, maduka ya vipuri, na barabara ya lami inayopeleka magari ya watalii mpaka lango la Loduare, mlangoni mwa Ngorongoro. Ukimuuliza mtu wa huko kesi za uhujumu uchumi ni zipi, atakutajia pembe za ndovu kabla hajakutajia fedha. Lakini sakata lililoitikisa Benki Kuu kuliko jingine lolote lilibebwa na mbunge wa jimbo hilo.

Dk. Wilbrod Slaa, padri wa zamani mwenye shahada ya udaktari katika sheria za Kanisa, aliingia bungeni mwaka 1995 kwa tiketi ya CHADEMA baada ya jina lake kukatwa na CCM. Wapiga kura wa Karatu, wilaya iliyomegwa kutoka Mbulu miaka hiyo hiyo ya tisini, walimrudisha tena na tena hadi 2010. Alisifika kwa jambo moja: alikuwa na karatasi. Wabunge wengine walikwenda na hoja, yeye akaenda na nakala. Mwaka 2007 alipojaribu kuzifikisha bungeni tuhuma za Benki Kuu hakufika mbali, na Septemba 15 mwaka huo akazipeleka uwanjani, Mwembe Yanga, Temeke. Mbele ya umati alisoma majina 11, Gavana wa Benki Kuu akiwa mmojawapo.

Yaliyofuata yanajulikana, ila yafaa kuyapanga upya kwa sababu mpangilio wake ndio kiini cha sura hii. Akaunti ya malipo ya madeni ya nje, EPA, ilitokana na enzi za uhaba wa fedha za kigeni. Waagizaji wa Kitanzania walilipa shilingi zao benki, lakini nchi haikuwa na dola za kumlipa muuzaji wa nje, na deni likabaki limeandikwa. Muuzaji aliyechoka kusubiri aliweza kumkabidhi mtu mwingine haki ya kulidai deni hilo kwa hati. Ulaji ulipita kwenye hati hiyo. Mwaka wa fedha 2005/06 kampuni 22 zililipwa shilingi bilioni 133. Wakaguzi wa Ernst & Young walipopitia mafaili walikuta kampuni 13 zimechota zaidi ya bilioni 90 kwa nyaraka za kughushi, na tisa zilizobaki zililipwa bilioni 42 na ushee bila nyaraka za kutosha. Januari 2008 Rais Kikwete alitengua uteuzi wa Gavana Daudi Ballali. Mei mwaka huo Ballali alifariki dunia akiwa Marekani, na alichokijua alizikwa nacho.

Novemba 2008 watuhumiwa wa kwanza walipandishwa kizimbani katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu. Mahakimu walikaa watatu watatu, jopo zima kwa kesi moja, jambo lisilo la kawaida katika mahakama ya ngazi hiyo. Mei 2011 lilitoka jibu la kwanza: Rajabu Maranda, aliyekuwa mweka hazina wa CCM mkoa wa Kigoma, na mwenzake Farijala Hussein, walihukumiwa kifungo cha miaka mitano kwa kuiibia Benki Kuu shilingi bilioni 1.8. Kilichowatia hatiani ni hati iliyodai kwamba kampuni ya magari ya Mumbai, BC Cars Export, imeiachia kampuni yao, Kiloloma & Brothers, deni lake. Kesi ya bilioni 1.8 ilisimama au kuanguka kwa karatasi hiyo.

Mitaani watu walinung'unika. Mwizi wa kuku anafungwa miaka mingapi? Basil Mramba na Daniel Yona, waliokuwa mawaziri, ndio walioongeza hasira. Walifikishwa Kisutu Novemba 2008 kwa kuisababishia serikali hasara ya shilingi bilioni 11.7 katika misamaha ya kodi ya mkaguzi wa dhahabu, Alex Stewart. Hukumu ilitoka Julai 2015, miaka karibu saba baadaye. Walipewa miaka mitatu, rufaa ikaishusha kuwa miwili, na mapema 2016 wakaonekana kwenye picha za magazeti wakifanya usafi katika hospitali ya Sinza Palestina, kifungo chao kikiwa kimegeuzwa kuwa huduma kwa jamii. Katibu Mkuu Gray Mgonja, aliyeshtakiwa pamoja nao, aliachiwa huru. Watu wakahitimisha kwamba kasoro ni mahakama yenyewe: kesi za mabilioni zinaachwaje kwa mahakimu? Zipelekwe juu.

John Magufuli aliichukua hoja hiyo mzima mzima. Kwenye kampeni za 2015 aliahidi mahakama ya mafisadi, na mwaka 2016 Bunge likairekebisha Sheria ya Uhujumu Uchumi ili kuunda Divisheni ya Rushwa na Uhujumu Uchumi ya Mahakama Kuu. Kipimo kiliwekwa: makosa yenye thamani isiyopungua shilingi bilioni moja. Adhabu nayo ikapandishwa, kifungo kisichopungua miaka 20 wala kuzidi 30. Divisheni ikafunguliwa, majaji wakapangwa, na wananchi wakasubiri kuwaona papa. Kilichoanza kumiminika ni maombi ya dhamana.

Hapo ndipo utani wa mahakama isiyo na kesi ulipozaliwa. Magazeti yaliuliza mafisadi wako wapi. Nadhani swali hilo liliulizwa mahali pasipo penyewe, kwa sababu kesi zilikuwepo. Zilikuwa zimekaa kwenye mahakama za chini, Kisutu, Arusha, Mwanza, zikisubiri kupandishwa.

Ili kuelewa zilisubiri nini, lazima turudi nyuma mpaka kwa jirani mmoja wa Karatu. Edward Sokoine alikuwa mtu wa Monduli. Aendaye Karatu kutoka Arusha hupita kwenye ardhi ya wilaya yake. Mwaka 1983, akiwa Waziri Mkuu, aliongoza msako dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Sabuni, sukari na mabati vilifukuliwa mashimoni. Wengine walivitupa usiku kando ya barabara ili wasikutwe navyo. Sheria iliyotungwa haraka mwaka huo iliwapeleka watuhumiwa kwenye baraza maalumu. Baraza hilo halikuwa na dhamana, wakili wala rufaa, na sheria yenyewe iligusa hata matendo yaliyofanyika kabla haijatungwa. Wanasheria walipiga kelele. Mwaka 1984, mwaka ambao Sokoine alifariki katika ajali karibu na Morogoro, Bunge likaifuta na kutunga Sheria ya Uhujumu Uchumi tuliyo nayo hadi leo, sura ya 200 ya sheria za nchi.

Sheria hiyo ilirudisha mambo kwenye mahakama halali kwa njia yenye hekima yake. Ilitamka kwamba makosa ya uhujumu uchumi yatasikilizwa na Mahakama Kuu. Jaji, si baraza. Mtuhumiwa alipaswa kufurahi. Lakini mtuhumiwa hakamatwi mlangoni kwa jaji. Anakamatwa Karatu, au Mto wa Mbu, au Loliondo, na sheria inataka afikishwe kwenye mahakama ya karibu. Kwa hiyo anaanzia kwa hakimu ambaye hawezi kumsikiliza, na anasubiri pale mpaka serikali itakapokuwa tayari kumpeleka kwa anayeweza.

Tuchukue mfano wa kubuni kabisa. Mhasibu wa taasisi ya umma huko Karatu anadaiwa kughushi stakabadhi kwa miaka mitatu na kuisababishia taasisi yake hasara ya shilingi bilioni moja na milioni mia mbili. Waendesha mashtaka wanaongeza shtaka la kutakatisha fedha, kwa sababu zinadaiwa kupitia kwenye nyumba ya wageni aliyoijenga. Anafikishwa Mahakama ya Wilaya. Hakimu anamsomea mashtaka, kisha anamwambia maneno ambayo waandishi wa mahakamani wameyaandika hata wanayaota: hatakiwi kujibu chochote kwa sababu mahakama hii haina mamlaka ya kusikiliza kesi hiyo.

Mhasibu hasemi kweli wala si kweli. Ndugu zake waliofunga safari kutoka Mbulumbulu au Endabash wamekaa kwenye benchi wakingoja kusikia angalau neno moja la kujitetea, nao wanaona anateremshwa kizimbani na kurudishwa mahabusu. Mama mmoja anauliza kwa sauti, "Sasa kesi imekwisha?" Karani anamjibu, "Bado kuanza, mama."

Dhamana? Kwa miaka mingi mahakama za chini zilikuwa na kikomo cha shilingi milioni 10 kwa kesi za uhujumu uchumi. Ikizidi hapo, mwombaji alipaswa kwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2022 kikomo kikapandishwa hadi milioni 300. Na anayepata dhamana hupewa sharti la kuweka fedha au hati za mali zenye thamani ya nusu ya kinachodaiwa. Kwa mhasibu wetu haya yote hayana maana, kwa sababu kosa la kutakatisha fedha halina dhamana kabisa. Mwaka 2020 Mahakama Kuu iliwahi kutamka kwamba kifungu kinachozuia dhamana kwa makosa kama hayo kinakwenda kinyume na Katiba. Miezi michache baadaye, Agosti 5, Mahakama ya Rufani ikalitengua tamko hilo katika shauri la Dickson Sanga, na mlango ukafungwa.

Hapa nitoke nje ya mada kidogo, kwa sababu Karatu inalazimisha. Wilaya hii imezungukwa na hifadhi: Ngorongoro upande mmoja, Manyara upande mwingine, na bonde la Eyasi chini. Sheria hiyo hiyo ya uhujumu uchumi inahusu nyara za serikali, na kwa kanuni za wanyamapori tembo mmoja amethaminishwa kwa dola 15,000 za Marekani. Kijana aliyekutwa na vipande viwili vya pembe kwenye gunia alikuwa amevuka kikomo cha milioni 10 kabla hajashuka kwenye pikipiki. Alihitaji Mahakama Kuu ili aombe dhamana, na Mahakama Kuu iko Arusha, zaidi ya kilomita 130 kutoka Karatu mjini, bila kuhesabu nauli ya wadhamini. Wale walioitwa wanyonge ndio walioujua utaratibu wa wahujumu uchumi miaka mingi kabla papa hawajaujua. Naona ni ajabu kwamba malalamiko juu yake yalianza kusikika sana Dar es Salaam baada ya wafanyabiashara wakubwa kulala mahabusu.

Turudi kwa mhasibu. Kila baada ya siku 14 anarudishwa mahakamani. Mwendesha mashtaka anasimama: upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine ya kutajwa. Hakimu anaandika, tarehe inapangwa. Wakili wa utetezi analalamika kwamba mteja wake anateseka. Hakimu anaueleza upande wa mashtaka uharakishe. Hana zaidi ya hapo. Hawezi kumwachia, hawezi kuisikiliza, na hawezi kuisukuma kesi kwenda Arusha kabla upande wa mashtaka haujafungua taarifa yake Mahakama Kuu.

Ni kweli kwamba upelelezi wa fedha ni kazi ngumu, na sipendi kuandika kana kwamba wapelelezi wanakaa tu. Stakabadhi za miaka mitatu ni maboksi. Kila moja ilinganishwe na kitabu cha mapato, kitabu kilinganishwe na taarifa ya benki, sahihi zipelekwe kwa mtaalamu wa maandishi, kumbukumbu za kompyuta zitolewe na mtu atakayeapa mahakamani kwamba mashine ilikuwa inafanya kazi vizuri na hakuna aliyeichezea. Ikiwa fedha zilivuka mpaka, barua inaandikwa kwa serikali nyingine, na hujibiwa kwa wakati wao. Kosa si kwamba kazi hii inachukua muda. Kosa ni kwamba inaanza kwa nguvu baada ya mtu kuwekwa ndani.

Hatimaye, tuseme, jalada limekamilika. Mkurugenzi wa Mashtaka, DPP, anafungua taarifa Mahakama Kuu, na nakala inarudi Karatu. Sasa ndipo unapokuja mwenendo kabidhi. Siku hiyo hakimu anasoma maelezo ya mashahidi mmoja baada ya mwingine: mkaguzi wa hesabu, ofisa wa benki, mtaalamu wa maandishi, fundi aliyejenga nyumba ya wageni. Anasoma pia vielelezo, au maudhui yake, na kuviorodhesha. Mtuhumiwa anaambiwa anaweza kusema kitu akitaka, au akae kimya. Karibu wote husema watajitetea Mahakama Kuu. Anaulizwa mashahidi wake ni nani. Kisha hakimu anatamka kwamba amemkabidhi Mahakama Kuu kwa ajili ya kusikilizwa, na mwenendo wote unachapwa ili apewe nakala.

Kwa mtazamaji, siku hiyo inachosha kuliko zote. Mimi naiona ndiyo siku yenye uzito kuliko zote. Shahidi ambaye maelezo yake hayakusomwa pale haruhusiwi kutoa ushahidi Mahakama Kuu mpaka upande wa pili upewe notisi ya maandishi kwa muda wa kutosha. Kielelezo kilichorukwa kina balaa lake: Mahakama ya Rufani imeviondoa kwenye kumbukumbu vielelezo ambavyo havikutajwa wala kusomwa siku ya kukabidhi, hata pale ambapo jaji alivipokea na kumtia mtu hatiani kwavyo. Katika kesi ya mauaji, ambako kuna kisu kimoja na mashahidi wawili, ni rahisi kukumbuka kila kitu. Katika kesi ya stakabadhi elfu tano, karani aliyeandika "taarifa za benki" bila kutaja ni za akaunti ipi na za mwezi gani anaweza kuwa ameimaliza kesi kabla haijapakiwa kwenye gari la kwenda Arusha.

Na kuna karatasi mbili nyingine, za ukurasa mmoja mmoja. Ya kwanza ni kibali: hakuna kesi ya uhujumu uchumi inayoweza kusikilizwa bila DPP kuridhia kwa maandishi. Ya pili ni hati ambayo kwayo DPP anaweza kuamua kwamba kesi isiende Mahakama Kuu hata kidogo, bali isikilizwe hapo hapo chini. Kwa hati hiyo hakimu wa Karatu, ambaye jana hakuwa na mamlaka ya kuuliza hata "kweli au si kweli", leo anaweza kusikiliza kesi na kufunga mtu miaka 20. Mahakama ya Rufani imefuta kesi nyingi ambazo moja ya karatasi hizi ilikosekana, au ilitaja kifungu kisichokuwa chenyewe. Watu waliokwisha kutumikia miaka kadhaa wametoka gerezani kwa sababu ya namba ya kifungu.

Kwa hiyo swali la kesi ipande au ibaki halijibiwi na ukubwa wa fedha peke yake, wala na jaji. Linajibiwa na kalamu ya DPP. Anaweza kuipandisha, kuiteremsha, kuiacha ikining'inia, au kuiondoa. Mifano miwili ya miaka ya karibuni inaonyesha hilo vizuri kuliko nadharia yoyote.

Juni 19, 2017, Harbinder Singh Sethi na James Rugemalira walifikishwa Kisutu katika sakata la akaunti ya Escrow ya Tegeta. Hasara iliyodaiwa ilikuwa zaidi ya dola milioni 22 na shilingi bilioni 309. Kama kulikuwa na kesi moja ambayo divisheni mpya ilizaliwa kwa ajili yake, ilikuwa hiyo. Haikufika. Ilitajwa Kisutu mwaka 2017, ikatajwa 2018, 2019, 2020. Ukigawa miaka minne kwa wiki mbili mbili unapata mara zaidi ya mia. Juni 2021 Sethi aliingia makubaliano na DPP, akaamriwa kulipa shilingi bilioni 26.9, akatoka. Septemba mwaka huo huo DPP aliondoa mashtaka dhidi ya Rugemalira, naye akaenda nyumbani. Hakuna shahidi hata mmoja aliyepanda kizimbani mbele ya jaji kueleza fedha zile zilitokaje na ziliingiaje.

Mfano wa pili uko Arusha. Lengai ole Sabaya, aliyekuwa Mkuu wa Wilaya ya Hai, alipandishwa kizimbani Juni 2021. Mojawapo ya kesi zake ilikuwa ya uhujumu uchumi, namba 27 ya mwaka huo, ikihusu shilingi milioni 90 alizodaiwa kuzichukua kwa mfanyabiashara wa jijini humo, na ndani yake kulikuwa na shtaka la kutakatisha fedha. Kwa kanuni ilikuwa ya Mahakama Kuu. DPP akatoa hati, na ikasikilizwa katika Mahakama ya Hakimu Mkazi Arusha. Mashahidi waliitwa, wakahojiwa mpaka jasho likawatoka, washtakiwa wakajitetea. Juni 10, 2022, Sabaya na wenzake sita wakaachiwa huru katika kesi hiyo. Unaweza kukubaliana na hukumu ile au usikubaliane nayo. Lakini ipo, ina sababu zilizoandikwa, na ilipatikana ndani ya mwaka mmoja hivi.

Nchi nyingine zimeliona tatizo hili na kulikata kwa njia tofauti. Uingereza iliunda kamati chini ya Lord Roskill iliyotoa ripoti yake mwaka 1986, na sheria ya mwaka uliofuata ikaanzisha ofisi maalumu ya kupeleleza ulaghai mkubwa. Ofisi hiyo ikaruhusiwa kuirukisha kesi kutoka kwa hakimu hadi mahakama ya juu kwa notisi tu, bila kupita kwenye mwenendo wa kukabidhi. Maana yake kesi ilihama kwa haraka, lakini ilihama ikiwa tayari. Mtuhumiwa aliweza kumwomba jaji aitupe kama ushahidi hautoshi. Kenya iliufuta mwenendo wa kukabidhi mwaka 2003. Uganda ilianzisha divisheni ya kupambana na rushwa katika Mahakama Kuu mwaka 2008, miaka minane kabla yetu. Sisi tulichukua jengo la juu bila kugusa ngazi.

Ngazi imeanza kuguswa, ingawa kwa mkono mwepesi. Mwaka 2022 Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai iliongezewa kifungu kinachokataza mtu kufunguliwa mashtaka kabla upelelezi haujakamilika. Ni jambo jema sana kwa mwizi wa baiskeli. Makosa mazito yameachwa nje, na huko ndiko waliko mhasibu wetu na kijana wa gunia.

Njia iliyotumika zaidi kuzimaliza kesi kubwa haikuwa kupanda wala kushuka. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha utaratibu wa makubaliano ya kukiri kosa, na Septemba mwaka huo Magufuli akatangaza siku chache za msamaha kwa watakaokiri na kurudisha fedha. DPP wa wakati huo, Biswalo Mganga, aliripoti kwamba watuhumiwa 467 waliandika barua, wakiahidi kurejesha shilingi bilioni 107.8. Fedha si haba. Mtu aliyekaa mahabusu miaka miwili bila dhamana, kesi yake ikiwa bado inatajwa, akipewa kalamu na karatasi ataandika. Atakuwa anakiri kosa au anakiri uchovu, msomaji wa barua hawezi kujua. Wala wananchi hawakupata kujua, kwa kuwa kukiri hakuhitaji mashahidi.

Ndiyo maana siku hizi naiangalia Kisutu ya 2011 kwa jicho jingine. Miaka mitano kwa bilioni 1.8 ilikuwa adhabu ndogo, na walionung'unika walikuwa na haki yao. Lakini mashahidi wa Benki Kuu walisimama wakaulizwa maswali hadharani, hati ya Mumbai ikaonyeshwa, ikapingwa, ikapokelewa, na mahakimu watatu wakaandika kwa nini hawakuiamini. Mwanafunzi wa sheria wa Karatu akitaka kujua fedha za EPA ziliibwaje, anaweza kuisoma hukumu ile mpaka mwisho. Akitaka kujua za Escrow, atapata hati ya mashtaka na orodha ya tarehe.